Maganda ya Vidonge Chini ya Benchi

Jirani yetu anasimulia hivi. Anasema Alhamisi ile, jua likiwa utosini, alikuwa anaanua shuka zake mbele ya nyumba, akamwona bibi yangu amesimama pale dukani kwenye kona, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anamwuliza mwenye duka, "Samahani baba, fundi wa sare anakaa wapi?" Mwenye duka akacheka, akidhani ni utani. Bibi hakucheka. Akauliza tena. Na huyo fundi wa sare ni yeye mwenyewe, mtaa mzima hakuna mwingine. Jirani anasema aliziacha shuka kwenye kamba, akaenda kumshika Bibi mkono, na mkono ulikuwa wa baridi, na Bibi akamtazama usoni akamwita kwa jina la dada yake Bibi aliyekwisha kufa. Halafu, anasema, akaketi vumbini kama mtoto.

Jirani huyu mtaani tunamwita Redio, na sababu haihitaji maelezo. Kila akisimulia upya kitu kinaongezeka. Mara ya kwanza viatu vyote vilikuwa mguuni. Mara ya tatu Bibi alikuwa tayari anavuka barabara kuu. Nikaenda kumwuliza mwenye duka, mtu asiyependa maneno. Akasema, "Njia aliuliza, kweli. Kiatu sikukiona. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini kabla ya wakati." Ya Redio nikayaweka kando, nikabaki na ya mwenye duka, na hayo peke yake yalitosha kuninyima raha.

Kabla ya jioni Redio alikuwa ameshampigia simu mjomba.

Bibi ndiye aliyenilea. Anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyokaa karibu na dirisha. Zamani mtoto akiingia mlangoni Bibi alimtazama mara moja tu, kuanzia bega mpaka goti, akakata kitambaa bila kumpima, na sketi ikakaa kama imezaliwa naye. Lakini kwa miezi mitatu mambo yalikuwa yamegeuka. Alishona suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Alipachika kola nje ndani. Jioni, akili ikiwa imetulia, aliishika ile suruali kwenye mwanga akaigeuzageuza.

"Nani ameharibu kazi yangu?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Basi huyo mimi afukuzwe kazi."

Tukacheka. Kisha akafumua mshono mmoja mmoja kwa wembe.

Mjomba alikuja Jumamosi. Ni msimamizi wa ghala, na hata nyumbani anazungumza kama anayepanga mizigo: hiki kikae hapa, kile kitoke. Hakuketi.

"Mama, nimeamua. Utahamia kwangu. Chumba cha nyuma kinapakwa rangi. Baada ya wiki tano nakuja na gari."

"Mimi si godoro la kuhamishwa," Bibi akasema.

"Umepotea mita hamsini kutoka mlangoni kwako. Kesho utapotea kabisa. Kwangu utakaa, utalala, utatazama televisheni. Hutashika kazi yoyote."

"Na sare za watu?"

"Sare basi." Akainama, akauchomoa mkanda wa cherehani kutoka kwenye gurudumu, akautia mfukoni. "Nisije nikasikia sindano imekupitia kidole."

Alipoondoka, Bibi alitazama gurudumu lililobaki tupu. Akaniambia, "Mke mwenzangu, nitafutie lile begi bovu la shule." Ananiita mke mwenzangu tangu nikiwa mdogo, maana anasema babu angenioa mimi kama si yeye kuwahi. Akakata mshipi wa lile begi, akaushona ncha kwa ncha, akauvisha kwenye gurudumu. Cherehani ikaunguruma. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, na alikuwa mzima kabisa, anajua jina la kila mtoto na kiuno chake.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Nafanya usafi kwenye kituo cha afya, zamu ya asubuhi, mpaka saa saba mchana. Kazi ya kufagia inakufundisha kutazama chini, na chini kuna mambo mengi. Nikachukua daftari. Siku zangu za mapumziko nikawa naandika. Saa moja: chai, dawa za presha. Saa mbili: anaimba. Saa tatu na nusu: ameshika sindano, hajui anataka kuifanyia nini. Saa tano: ameniuliza mara mbili kama mama yangu amerudi, na mama yangu amefariki. Saa tisa: anaanza kurudi. Saa kumi na moja: ananikosoa nilivyokunja shuka.

Na ile Alhamisi yenyewe ilinisumbua kichwa. Ilikuwa siku yake ya kliniki, kila baada ya wiki nne. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa miguu, yeye akinitania njia nzima kuhusu mlinzi wa getini ambaye eti ananipenda. Alikuwa na akili kali kuliko yangu. Nilimwacha kwenye benchi nikaenda kwenye ndoo zangu. Alipotoka pale kurudi nyumbani ndipo akapotea. Kwenda alijua njia, kurudi hakuijua. Nikajiuliza, amekutana na nini hapo katikati?

Jibu nililipata Alhamisi iliyofuata, wala sikulitafuta. Lilikuwa chini ya benchi.

Kliniki ya presha ina wazee kama ishirini na kitu kila wiki, na wale ambao presha yao haishuki huitwa kila Alhamisi. Wanakaa kwenye mabenchi mawili marefu varandani, nesi anawapa somo, kisha anawapima mmoja mmoja. Mwezi ule somo lilikuwa jipya: namna ya kutunza ubongo mtu anapozeeka. Nesi analisoma kwenye karatasi, haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Punguzeni chumvi, acheni sigara, tembeeni, laleni vya kutosha, masikio yakiziba njooni yatazamwe, msikae peke yenu, jifunzeni kitu kipya.

"Sista," akasema mzee mmoja mwashi, "ubongo wangu sijautumia sana, umebaki karibu mpya."

Benchi likacheka. Mzee huyo wanamwita Timazi, kwa sababu kwa umri wake wote bado anasimama wima kama uzi ule wa kupimia ukuta.

Nesi hakucheka. Akaendelea: presha ikiwa juu miaka mingi inaumiza mishipa midogo ya ubongo, na mtu anapoteza kumbukumbu polepole. Na ikishushwa kupita kiasi, ubongo haupati damu ya kutosha, mtu anazubaa, anachanganyikiwa, anaanguka. Sentensi hiyo ya pili aliipitia mbio kuliko zote, na nusu ya benchi ilikuwa inasinzia. Mimi nilikuwa napiga deki nyuma yao. Nikasimama na tambara mkononi.

Walipokwisha kupimwa wakaondoka, nikafagia. Chini ya yale mabenchi kulikuwa na maganda ya vidonge, yale ya kung'aa, yaliyobonyezwa. Nilikuwa nimeyafagia miaka mitatu bila kuyafikiria, kama unavyofagia majani. Siku hiyo nikayahesabu. Thelathini na moja. Mtu anapimwa, anachukua dawa dirishani, anakwenda bombani, anarudi kwenye benchi kuvaa koti lake, na ganda linabaki.

Timazi alikuwa bado anafunga kamba za viatu.

"Babu, shikamoo. Mbona dawa za asubuhi mnanywea hapa?"

"Marahaba. Sasa tunywee wapi?"

"Nyumbani, mnapoamka."

Akanitazama kwa huruma, kama fundi anavyomtazama mtu aliyeshika mwiko kinyume. "Mjukuu wangu, ukinywa nyumbani, kipimo kitampima nani? Kitaipima dawa. Sisi tunataka kitupime sisi. Siku ya kliniki hainywewi mpaka umepimwa."

"Nani aliwaambia?"

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa zamani akaingilia. "Si hata wale wa sukari wanaambiwa waje na njaa? Sasa wa presha tuje tumeshiba dawa? Ni kudanganya huko."

"Lakini nesi aliwaambia?"

Wakatazamana. "Tulikuta hivyo," akasema Timazi. "Mgeni akija, tunamfundisha. Bibi yako nilimfundisha mimi mwenyewe."

Alisema kwa fahari. Nikamshukuru, nikakaa kwenye ndoo yangu niliyoigeuza juu chini, nikafikiria polepole, maana mimi nafikiria polepole. Siku zote nyingine Bibi anakunywa dawa saa moja. Siku ya kupimwa hanywi. Kipimo kinamkuta juu. Nesi anasema dawa haifanyi kazi, daktari anaongeza. Mwezi unaofuata tena juu, anaongeza. Kadi yake ilianza na kidonge kimoja, vikawa viwili, kikaja na kile cha kumfanya aende chooni mara kwa mara. Siku zote nyingine anavimeza vyote, na hakuna wa kumpima. Na siku ya kliniki anavimeza vyote kwa mkupuo hapo bombani, kisha anatembea juani.

Nikampelekea nesi. Alikuwa anafunga mkanda wa presha kwenye sanduku lake.

"Sista, wazee hawanywi dawa siku ya kliniki. Wanakuja kavu."

"Nani kakwambia?"

"Wenyewe. Na haya hapa maganda."

Akayatazama kwenye kizoleo, akanitazama mimi. "Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Mimi nimesoma miaka mitatu kuushika huu mkanda. Sakafu ya maabara ina damu."

Sakafu ya maabara ilikuwa na damu kweli. Nikaifuta. Lakini yale maganda sikuyatupa. Niliyatia kwenye boksi tupu la sabuni, nikaliweka juu ya kabati la mifagio.

Zilikuwa zimebaki wiki nne mjomba aje na gari.

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi Bibi. Alhamisi iliyofuata haikuwa zamu yake, lakini nesi hamfukuzi mtu aliyekuja na kadi. Saa moja kamili nikamletea chai na vidonge vyake.

"Leo tunakwenda kituoni, Bibi. Kunywa."

"Siku ya kituo hainywewi."

"Leo inanywewa."

"Unataka nimdanganye daktari?"

"Umemdanganya miezi mitatu, Bibi. Leo tunamwambia ukweli. Mwili unaoishi nao kila siku ndio tunaompelekea. Ule wa siku ya kliniki si wako."

Alivishika vidonge kwenye kiganja, akavitazama muda mrefu. "Timazi atasema nini?"

"Timazi ni fundi wa kuta."

Akacheka puani, akavimeza. Tukasubiri kidogo, tukaenda taratibu, mkono wake juu ya bega langu. Tulipopita duka la kona alikuwa anaongea. Tulipofika getini alikuwa amenyamaza, na aliniuliza kama hapa ndipo shuleni.

Nesi alishasoma somo lake na alikuwa anapima. Mia moja sabini. Mia moja themanini na mbili. "Mama, dawa unakunywa kweli?" "Nakunywa, Sista, kila siku." Mia moja sitini na nane. Kisha Bibi. Mkanda ukavimba, ukapumua. Nesi akakitikisa kile chombo. Akabadilisha mkono. Akamsimamisha Bibi, akapima tena, na Bibi akashika meza kwa mikono yote miwili.

"Themanini na nane kwa hamsini," nesi akasema, kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe. "Bibi, umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa. Huyu mke mwenzangu kanilazimisha."

Nikaegemeza fagio ukutani. Sikuwa nimepanga maneno. Nilikwenda nikasimama mbele ya mabenchi, mahali anaposimama nesi, na nguo yangu ya kazi imelowa magotini.

"Wazee wangu, shikamooni. Wangapi hapa hawajanywa dawa asubuhi ya leo?"

Mmoja akatazama dari. Daktari, ambaye ndiye mkuu wa kituo, akatoka ofisini kwake aliposikia sauti isiyo ya nesi.

"Wewe, mambo gani haya? Nenda kazini."

"Nipo kazini, daktari. Wangapi?"

"Nimesema nenda."

Sikwenda. Miguu ilitaka, mimi sikutaka. Nilikimbilia lile boksi la sabuni, nikalimwaga juu ya meza ya nesi, maganda yote yakatawanyika yakang'aa kati ya kadi. "Haya nimeyafagia chini ya benchi Alhamisi iliyopita. Wanapimwa kwanza, ndipo wanakunywa. Wote. Mnawaongezea dawa ya presha ambayo siku nyingine hawana. Wakifika nyumbani wanazubaa, na watoto wao wanasema akili zimewaruka."

Daktari alifungua mdomo. Timazi akamtangulia kuinuka, wima kama kawaida yake, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Mimi sijanywa," akasema. "Na wenzangu tusimwache huyu binti peke yake. Nyinyi hamjanywa."

Mama wa mkaa akainua wake. Kisha mwingine. Nesi akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea. Ishirini na tatu kati ya ishirini na sita. Alikaa chini.

Daktari alichukua kadi ya Bibi akaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akapiga mstari juu ya kidonge cha pili, akapiga mwingine juu ya kile cha chooni. Kisha akageukia mabenchi, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayechagua maneno. Kuanzia leo dawa inywewe nyumbani, saa ile ile, hata siku ya kliniki. Wiki ijayo wote warudi wapimwe wakiwa wameshakunywa. Na mtu asijipunguzie mwenyewe wala asiache, maana presha ya juu nayo haina mzaha. Mama wa mkaa akauliza kama basi na wale wa sukari nao wale kwanza. Akaambiwa hapana, wale wana yao.

Baadaye akaniita ofisini.

"Umesaidia, sitakataa. Lakini usirudie. Leo wamemsikiliza mfagizi, kesho watamsikiliza mlinzi."

"Mlinzi naye presha inamsumbua, daktari."

Hakucheka. "Kazi yako ni sakafu. Umenielewa?"

"Nimesikia."

Nilisema nimesikia. Sikusema nimekubali, na yeye hakuuliza tofauti. Alhamisi tatu zilizofuata nilianza kudeki varanda mapema, kabla nesi hajafika, na kudeki kwangu kulikuwa kwa taratibu sana. Kila niliposogeza tambara mbele ya mzee nilimwuliza amekunywa saa ngapi, na ameleta kadi, na sikio lile limetazamwa? Somo la nesi nililirudia kwa maneno yangu. Niliwaambia ubongo ni kama kitambaa, ukiukunja na kuuweka sandukuni unaliwa na nondo. Mama wa mkaa akasema yeye sanduku lake limeshaliwa. Nikamwambia basi ajifunze kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na Timazi akatoa uzi wake mfukoni akaanza kumfundisha kupima kama nguzo ya varanda imesimama sawa. Ilikuwa imelala. Wakagombana kuhusu nguzo mpaka zamu yao ya kupimwa ikapita. Nesi aliniona. Mara ya kwanza alikunja uso. Mara ya pili alisubiri nimalize, ndipo akafungua karatasi yake.

Bibi alirudi kidogo kidogo. Kwanza akili yake ilitulia saa tatu asubuhi, kisha na saa tano. Wiki ya tatu suruali zilikuwa na mguu wa kushoto na wa kulia. Sitasema alirudi wote. Miwani aliitafuta akiwa ameivaa. Majina mengine yalimkwepa, akawa anawaita watoto kwa viuno vyao, "mwite yule ishirini na mbili". Daktari alimwambia waziwazi kwamba sehemu nyingine ni umri, na hawezi kumwahidi zaidi. Bibi akamjibu kwamba hata yeye hakuombwa ahadi, aliombwa dawa sahihi.

Jumapili ya wiki ya tano mjomba akaingia. Alikuja na gari la kazini na kamba mkononi. Redio alikuwa nyuma yake, eti amekuja kuazima pasi.

Bibi alikuwa kwenye cherehani. Mjomba aliuona mkanda wa mshipi wa begi ukizunguka, akauangalia kama mzigo uliotoka ghalani bila hati.

"Shikamoo mama. Leo ni siku gani?"

"Marahaba. Ni siku uliyoingia bila kupiga hodi."

"Nauliza kweli."

"Jumapili. Na juzi ilikuwa siku uliyozaliwa, na hakuna aliyekupigia simu isipokuwa mimi. Uliza jingine."

Redio akasema, "Lakini shoga, siku ile dukani hali ilikuwa mbaya. Nilikushika mimi kwa mikono yangu."

"Siku ile siikumbuki, na sitabisha. Nimeshakushukuru. Sasa unataka nikushukuru mpaka lini?"

Mjomba akaanza kukunjua kamba. "Mama, nafurahi umepata nafuu. Lakini umri ni umri. Chumba kiko tayari. Utapumzika, hutafanya kitu chochote."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

"Mjomba," nikasema, "nesi amefundisha. Mtu mzima akikaa peke yake ukutani na televisheni, hana wa kuzungumza naye, hana cha kupigia hesabu, ubongo unasinyaa. Hapa anapima, anakata, anagombana na wazazi wa watoto, anatembea mpaka kituoni. Hiyo yote ni dawa yake."

"Wewe nyamaza. Mfagizi wa hospitali si daktari."

"Kweli, mjomba." Nilitazama chini, kama inavyopasa. "Na msimamizi wa ghala pia si daktari."

Redio akavuta pumzi, pasi aliisahau. Bibi akaangua kicheko mpaka miwani ikamshuka puani. Mjomba alinitazama kwa macho mekundu, na nikangoja anipige au anifukuze. Hakufanya lolote. Aliegemea mlango. Akajikanda kisogo kwa kiganja, akafumba macho, akayafumbua.

"Kuna dawa ya kichwa humu?"

"Kinauma tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu... sijui. Wiki. Ni uchovu wa kazi."

"Umewahi kupimwa presha?"

"Mimi si mzee."

Bibi aliacha kukanyaga. "Baba yako naye hakuwa mzee," akasema. "Alikuwa na miaka yako hii hii. Alisema ni uchovu wa kazi. Akaanguka pale ulipoegemea, na miaka mitatu iliyofuata alikula kwa kijiko changu na hakujua wewe ni nani. Ulikuwa unamsalimia kila asubuhi, na kila asubuhi anakuuliza wewe mtoto wa nani."

Nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo, na kwa alivyosimama mjomba nikajua hajawahi kuisahau, na kwamba chumba kile cha nyuma alikuwa amekipaka rangi kwa woga.

"Unataka kunifungia ili usione yale mara ya pili," Bibi akasema. "Nakuelewa, baba. Lakini siendi. Nitazeekea hapa nikiwa na sindano mkononi, na siku nikipotea, mwenye duka anajua njia." Akamtazama kwa muda. "Nami nakuomba kitu kimoja. Alhamisi, saa mbili. Benchi la mbele, nitakushikia nafasi karibu na Timazi. Njoo upimwe, mwanangu. Huyu hapa mke mwenzangu atakwambia la kufanya kabla hujaja. Utakuja?"

Mjomba aliikunja ile kamba, akaikunjua, akaikunja tena. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kimya. Bibi aliweka mikono yake mapajani, akamngojea.